Moshi wa Ipole

Dada Rehema, shikamoo. Na nyingine umfikishie mama hapo kitandani.

Niko Ipole, kusini mwa Tabora, na ulisema kweli: safari haijaniondolea wasiwasi. Tangu asubuhi nilikuwa natoa simu mfukoni kila dakika kuangalia kama majibu ya vipimo vya mama yametoka, na kule porini hakukuwa na mtandao hata kidogo. Mwenyeji wangu, Mama Kashindye, anafuga nyuki. Alichoka kunitazama, akanipa mwenge wa nyasi kavu tukaenda kulina asali. Kazi yangu ilikuwa kupuliza moshi mzingani. Nikapuliza kwa papara mpaka nyasi zikawaka moto, nyuki wakatoka na hasira. Wawili wakaniuma sikioni.

"Tunataka moshi, baba, siyo moto," akasema, wala hakugeuka. "Puliza kama unapoza uji wa mtoto."

Nikapunguza pumzi. Moshi ukaja mweupe, mzito, nyuki wakatulia, naye akakata kipande cha sega akanipa kikiwa bado na uvuguvugu. Muda wote huo sikugusa simu.

Sasa tumetoka porini, tuko barabarani, mtandao umerudi. Naona umenipigia mara tatu. Nimeamua kuandika kwanza, polepole, ndipo nikupigie. Asali ya mama iko begini. Kadi hii ikikufikia tutakuwa tumeshajua sote. Hapa nilipo bado sijui, na bado napuliza.

Mdogo wako,
Hamisi