Wifi alivyomsomesha bosi jina lake

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Nimetoka kuongea na wifi yangu sasa hivi. Yule fundi wa kompyuta pale hospitali, sio wifi ya intaneti 😂

Unakumbuka mwezi jana bosi wake alifuta orodha ya wagonjwa wa upasuaji, halafu akamsingizia yeye? Wifi akapewa barua ya onyo. Alilia hadi macho yakavimba.

Basi, sikia alichofanya. Akaingia kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, akabadilisha mipangilio: kila anayeingia, jina lake, saa na kila amri anayoandika virekodiwe. Akawatangazia wote kwa barua pepe. Bosi hata hakuifungua!

Leo orodha imefutika tena. TENA! Kikao kikaitwa. Bosi akasimama: "Nilishasema huyu dada hafai."

Wifi akasema, "Naomba dakika moja." Akaunganisha kompyuta na skrini ya ukutani, akafungua zile rekodi, maandishi yakashuka. Saa mbili na dakika kumi, amri ya kufuta, na jina la nani? LA BOSI.

Mkurugenzi akamwambia bosi, "Hebu tusomee mstari huo."

Akasoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti."

Shoga, akasoma! Jina lake, kwa mdomo wake mwenyewe!

Kisha akamgeukia wifi, jasho linamtiririka: "Samahani kama nilikukosea."

Wifi hata hakupepesa macho. "Ondoa hiyo 'kama', halafu uanze upya."

Akaanza upya 🔥