Mnadi wa Neno Moja

Tarehe 4 Februari

Binti yangu,

Salamu zikufikie wewe na wajukuu wangu wawili wasiojua kunyamaza, damu yangu hiyo. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini hilo lilianza kulalamika mama yako akiwa hai na hakuna aliyelisikiliza.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpelekea jirani yangu fundi viatu anisomee. Unasema tangu mama yako atutoke nimekuwa mtu wa kukaa na redio tu. Unasema kama mwezi wa tano utafika sijajichanganya na watu, utakuja na gari la mizigo unibebe, mimi na kitanda changu, ukaniweke kwenye kile chumba chako cha nyuma kinachotazama ukuta. Mwanangu, kitanda hiki hakitoki. Siku kilipoingia tulivunja fremu ya mlango, na mama yako hakunisemesha siku mbili.

Halafu umenitumia karatasi ya matangazo ya ukumbi wa mtaa wetu, uliyoitoa kwenye simu yako. Yaani wewe uliye mbali huko ndiye unayeniambia kinachofanyika nyuma ya nyumba yangu. Nimeisoma. Wanataka watu wa kupanga nguo za msaada, wanataka waimbaji, wanataka wa kuwasomea watoto hadithi, wanataka waigizaji, wazee wakaribishwa. Sasa nikukumbushe baba yako ni nani. Mimi nilikuwa mnadi wa soko kuu. Nikifungua kinywa, mbuzi waliacha kutafuna. Nimemuuzia kabati lisilo na milango mtu aliyekuja kununua ndoo, na akashukuru. Mtu kama huyo unamwambia akakunje mashati?

Siendi.

Baba yako, mwenye akili zake zote.

*

Tarehe 19 Februari

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Wajukuu wanauliza kama ni kweli mbuzi waliacha kutafuna. Nimewaambia babu hasemi uongo, huongeza chumvi tu.

Baba, fundi viatu hunipigia simu, usimgombeze. Anasema zamani alikusikia kupitia ukuta ukibishana na mtangazaji wa redio, sasa redio inaongea peke yake. Ungekuwa unapiga kelele ningelala usingizi. Kunyamaza kwako ndiko kunakonitisha. Sitaki siku moja nipigiwe simu niambiwe wamevunja mlango.

Kwa hiyo nimeshaongea na dereva. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano gari linakuja. Usiponipa sababu ya kulirudisha tupu, litarudi na wewe. Na usinitishe kwa ukaidi, maana wangu sikuuokota njiani.

Mwanao wa pekee.

*

Tarehe 16 Machi

Binti yangu,

Nakusalimu, na goti linakusalimu. Nimekwenda. Sikwenda kwa ajili ya gari lako, nilikuwa napita.

Mwanangu, mimi nimeshika vitu vya watu maisha yangu yote, nilidhani hakuna cha kunishangaza. Nimeingia ukumbini nimekuta nguo zimerundikwa mpaka karibu na madirisha. Mablanketi, masufuria, kitanda cha mtoto. Nikauliza vinauzwaje. Katibu wa ukumbi, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, akanijibu kwamba vinatolewa kwa familia zilizounguliwa na nyumba upande wa pili wa reli. Vinatolewa hivyo hivyo, bure. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Akaja mwanamke na viatu vya shule vya mtoto. Vimevaliwa hivyo, kisigino kimelika upande, lakini amevipaka rangi, amevipiga brashi mpaka vinang'aa, na kamba ametia mpya. Kumbe kuna mtu anaketi nyumbani kwake anang'arisha kiatu cha kumpa asiyemjua. Sokoni tuling'arisha ili tuuze. Sijawahi kuona mtu anang'arisha ili atoe. Nilikishika kiatu kile mpaka katibu akaniuliza kama ninakihitaji.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Walinipa meza ya mablanketi niyapange kwa ukubwa. Mikono ikawa inapanga, lakini mdomo una mazoea yake. Nikaliinua moja, zito, jekundu, nikasema hili limewahi kulala nyumba ya heshima. Watu wakageuka. Nikaona macho yale ninayoyajua. Mwanangu, nilipojitambua nilikuwa nimeshalinadi mara ya kwanza, mara ya pili, na nimemgongea meza bwana mmoja mnene aliyekuwa akitoa pesa huku anasema blanketi hili mbona kama analifahamu. Ndiye aliyelileta asubuhi.

Katibu alikuja amekunja uso, anauma kalamu. Bwana yule akakataa kurudishiwa pesa, akasema zinunue sabuni za hao walioungua, na blanketi libaki. Lakini mimi katibu hakunitaka tena karibu na meza. Akanielekeza chumba cha jukwaa, akasema humo wanafanya usaili wa mchezo na wanatafuta watu wenye sauti. Alisema hivyo ili aniondoe. Hajui amemfungulia nani mlango.

Nikapanda jukwaani. Chini ameketi mwanamke wa makamo anayeongoza mchezo, miwani hana haja nayo, anakuona mpaka mifupa. Nimempa jina, Mama Ngoja, maana neno lake ni hilo. Nikamnadia kiti alichokalia. Nikalinadi pazia. Nikapaza sauti vumbi likashuka darini. Alipumzisha kidevu kwenye kiganja, akanitazama, akasema, "Ngoja. Wewe nitakupa nafasi ya baba."

Umesikia? Nafasi ya baba. Mchezo mzima unaitwa kwa jina la huyo baba. Mwambie dereva wako atafute mzigo mwingine.

Baba yako, mwigizaji.

*

Tarehe 27 Machi

Baba, shikamoo.

Nimecheka mpaka wenzangu kiwandani wakasimamisha cherehani. Blanketi umemuuzia mwenyewe, baba?

Lakini nakujua. Mara ngapi umeanza kitu kwa kishindo, na mtu wa kwanza kukukosoa ukakiacha hapo hapo? Kwenye kwaya uliondoka siku ya pili kwa sababu walikuambia upunguze sauti. Gari bado liko palepale. Nitaamini nikiona.

Mwanao.

*

Tarehe 2 Mei

Binti yangu,

Salamu. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwandiko wangu ukiwa na hasira hata mimi siusomi.

Nafasi ya baba, nikakuambia. Kumbe baba huyo ameketi kitini mchezo mzima, kimya. Majirani wanaongea, ndugu wanaongea, hata mpita njia ana maneno kuliko mimi. Binti yake aliondoka nyumbani kwa ugomvi akiwa kijana, na wote wanabishana akirudi aambiwe nini. Mwishoni anarudi, kichwa kina mvi. Anasimama mlangoni. Baba anainua macho, anasema neno moja. "Umekula?" Basi, pazia linafungwa.

Neno moja, mwanangu. Mimi. Nikamwambia Mama Ngoja kwamba huo ni uharibifu, ni sawa na kumkodi ng'ombe abebe yai. Nikamwongezea maneno yangu mazuri pale, nikamweleza binti jinsi nyumba ilivyokaa bila yeye, na bei ya kila kitu siku hizi. Akasema ngoja, rudia, neno moja. Huyo anayekuwa binti yangu jukwaani ni mwanamke wa miraba minne anayeuza mitungi ya gesi, anaubeba mtungi begani kama mkoba. Akanicheka. "Mzee, debe tupu ndilo livumalo." Nikachukua kofia yangu, nikaenda zangu.

Nilikaa nyumbani. Ulishajua nitakaa nyumbani, usijisifu. Jioni moja nilikuwa nachemsha chai, na bila kujua nikalisema lile neno alivyokuwa akinifundisha Mama Ngoja, pole pole, kuelekea kile kiti cha mama yako karibu na dirisha. Umekula? Likaenda likafika kitini, likakaa. Sijui nikuelezeje. Nimerusha maneno maisha yote, yakaanguka ovyo ovyo kama njugu. Hilo lilikwenda likakaa.

Kesho yake nikarudi ukumbini. Muuza gesi alinivutia kiti, akasema kilikuwa kinanisubiri, hakuna mwingine mwenye sura ya ugomvi wa kukijaza. Tukafika mwisho, nikataka kusema, Mama Ngoja akainua mkono. Akasema, "Ngoja mpaka usikie taa."

Nilidhani ananichezea. Nikangoja. Mwanangu, taa ina sauti. Ile taa kubwa ya jukwaani inavuma kidogo kidogo, kama nyuki aliye mbali, na ili uisikie lazima watu wote wawe wamenyamaza, na wao walikuwa wamenyamaza. Wananisubiri mimi. Sokoni hakuna aliyewahi kunisubiri, nilikuwa nawafukuzia kwa sauti. Nikasema neno langu kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa, na fundi wa taa kule nyuma kabisa akafuta macho. Alikuwa amelisikia. Kwa sauti ile ndogo. Tangu siku hiyo naenda mapema, nakaa mle peke yangu kabla ya wenzangu, nausikiliza ukumbi.

Mchezo ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Ndiyo siku yako ya gari, najua. Kiingilio ni kitu chochote cha msaada, nguo au sabuni. Nitakuwekea kiti mstari wa mbele. Ukishatazama, kama bado unataka kunibeba, nibebe. Sitabishana. Hilo hujawahi kulisikia kutoka kwangu, lihifadhi.

Baba yako.

*

Tarehe 31 Mei

Binti yangu,

Nakusalimu. Hukunijibu barua yangu, na jana gari halikuja. Niliamka nikachungulia njiani, hakuna gari. Sijui niseme ahsante au nikuulize kama u mzima. U mzima? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuja na mabunda kichwani, wakayaweka mlangoni, yakawa kilima. Yule bwana wa blanketi alikuja na blanketi jingine, akaniambia hili lisinadiwe. Kiti chako nilikiwekea koti langu lile la harusini. Kila mara mlango ulipofunguliwa niliangalia. Mchezo ulianza koti likiwa limekaa peke yake.

Nilikaa kimya mchezo mzima. Fundi viatu anasema hakuamini, alidhani nimefia kitini. Mwishoni muuza gesi akaingia, wamempaka unga kichwani uwe mvi, akasimama mlangoni. Taa zote za ukumbini zimezimwa, wewe wa jukwaani huoni kitu, ni giza linalopumua. Nikangoja. Nikaisikia taa. Nikasema, "Umekula?"

Na kule gizani, nyuma kabisa, sauti ya mwanamke ikajibu.

"Bado, baba."

Haimo mchezoni, mwanangu. Nimemuuliza Mama Ngoja, anasema haimo, na hakuna aliyepangwa. Muuza gesi aligeuka akatazama kule kule. Nilidhani watu watacheka, maana watu wetu unawajua. Hakucheka mtu. Nikasikia mahali fulani mtu analia, halafu mwingine, halafu pazia likafungwa na mimi sikuweza kuinuka, na safari hii si goti. Taa zilipowashwa nikashuka mbio mbio kama kijana, nikatafuta nyuma. Viti vitupu na watu wanavaa makoti.

Usiku nilikaa kitandani nikaiwaza sauti ile. Siwezi kusema ni mama yako. Mimi si mtu wa mambo hayo, na wewe usimwambie fundi viatu. Lakini mama yako alijibu hivyo hivyo hata akiwa ameshiba, ili nikae naye mezani. Nimeishi na kelele maisha yangu yote, na sasa nimezeeka ndipo ninasema neno moja na giza linanijibu. Sina cha kujisifia hapo, halikuwa langu.

Niambie tu kama u mzima.

Baba yako.

*

Tarehe 8 Juni

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Ni mimi, baba.

Gari lilikuja. Sikukujibu kwa sababu sikutaka uanze kunishawishi. Nilifika jioni na kamba na magunia, nikakuta umefunga. Nikasema Mungu wangu, mchezo atakuwa ameshauacha kama kwaya, basi ndiyo ile simu niliyoiogopa. Fundi viatu naye hayupo. Mtoto wa jirani akasema mtaa mzima uko ukumbini. Niliingia mwishoni, sina hata sabuni ya kutoa, nikavua skafu yangu nikaiacha pale mlangoni. Nikasimama nyuma, ukutani.

Nilikuona umeketi. Sikukujua, baba. Nilimtazama mzee yule aliyetulia nikajiuliza ni nani, mpaka ulipoinua macho. Nilikuwa njiani tangu alfajiri, sijatia kitu mdomoni. Na tangu mama afe hakuna aliyeniuliza neno hilo, mimi ndiye ninayewauliza wengine. Sikujua kama mdomo wangu umefunguka mpaka nilipomwona yule binti wa jukwaani akinigeukia.

Nikatoka. Ningekusubiri ningelia mbele ya mtaa mzima, halafu ningekubeba kwa nguvu, na nilikuwa nimeshaona sipaswi. Nilikuja kumchukua mzee anayekaa na redio. Hakuwepo. Dereva akaniuliza, mzigo uko wapi? Nikamwambia mzigo una kazi. Tulirudi na gari tupu.

Samahani kwa koti kubaki peke yake. Niliona kiti kile kutoka kule nyuma, nikajua ni changu.

Mwanao.

*

Tarehe 17 Juni

Binti yangu,

Salamu kwako na kwa watoto. Goti zima.

Barua yako nimeisoma, halafu nikampelekea fundi viatu anisomee tena, si kwa sababu sikuelewa. Skafu yako nimeiona kwenye kilima cha nguo. Nilimwomba katibu, akaniuliza kama nataka kuinunua. Nimemwambia hapana, iende ilikokuwa inakwenda, ila nimeipiga pasi kwanza.

Mama Ngoja anasema mchezo utarudiwa mwezi ujao, na anauliza kama mwenye sauti ile anaweza kuja. Nimemwambia huyo haigizi.

Umesema bado. Tangu siku ile nimenunua sahani nne na nimepanga meza upande wa dirisha. Usije na gari la mizigo, njoo na watoto. Usile njiani.

Baba yako.