Gitaa Halirudi Mpanda

Ngombezi,
S.L.P. 214,
Korogwe, Tanga.

15 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Laurenti,

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na Mama Benedicto na wote mnaolala chini ya paa lenu. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia linakusumbua asubuhi unapoinuka kitandani. Nakuomba usilinyamazie, nenda hospitali wakalitazame. Je, huko Mpanda mmeshaanza kusafisha mashamba, au bado mnalisubiri wingu la kwanza?

Sisi huku hatujambo. Dada yako ni mzima, na sauti yake ni nzima pia. Jana kambi yote iliisikia akimfukuza mbuzi kwenye mihogo aliyoianika. Mashine ya kiwandani bado inaanza kunguruma alfajiri kama ulivyoiacha. Baba yuko Mkata tangu wavune mahindi, na anakuja Korogwe mwishoni mwa wiki kama gari likipatikana.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu, kwa maneno yako mwenyewe, ni ya kuulizia bei ya mahindi. Basi neno lililo muhimu nalitanguliza: mjomba, usiende stendi. Gitaa halirudi.

Najua ujumbe wangu wa mwezi wa saba ulikuumiza, maana hukuujibu. Nilikuambia nitalifunga gitaa lako kwenye gunia la katani na kulipakia kwenye basi, na kwamba sababu ningekueleza baadaye. Sasa nakueleza.

Unakumbuka nilibatizwa nilipokuwa chuoni Dar es Salaam, katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wanaliita la Wamormoni. Ndugu wengi walinisema. Wewe uliuliza swali moja tu, kama wananikataza gitaa. Hawakunikataza. Lakini yapo mambo tunayoyashika. Hatunywi pombe, hatunywi kahawa wala chai ya majani, na Jumapili ni siku ya Bwana, hatuendi kazini. Tawi letu la hapa Korogwe ni dogo. Tunakutana katika nyumba ya kupanga kule Manundu, tunakaa kwenye viti vya plastiki, mkate na maji vinapitishwa na hakuna anayesema neno. Naupenda sana ukimya ule. Mara nyingi masikio yangu yanakuwa bado yanavuma kwa muziki wa Jumamosi wakati mkate unaponifikia, na kabla ya mwezi wa saba sikuwahi kuhisi kwamba kimoja kinamtukana mwenzake.

Nafundisha fizikia sekondari siku za kazi, hilo unalijua. Ila moyo wangu uko kwenye ghala la zamani la mkonge, tunakofanyia mazoezi. Kundi letu tumeliita Miiba na tupo watatu tu: mimi na gitaa, Dunstan kwenye besi, na Hussein, kijana wa Mkata, kwenye ngoma. Hussein ndiye kiongozi. Tunapiga roki, mjomba, roki yenyewe, hapa Korogwe ambako kila mwenye sherehe anatuuliza kama hatuwezi angalau singeli moja. Miaka yote tumepiga kwenye mahafali na kwenye mahoteli ya Mombo. Mara moja tulipiga siku ya gulio kule Mkumbara, tukazimiwa umeme na mwenye duka aliyesema tunamfukuzia wateja.

Halafu mwezi wa saba tukaalikwa Tanga, kwenye tamasha la siku mbili. Walituweka Jumapili usiku, karibu na mwisho, nafasi ambayo kila kundi linaitamani. Tuliambiwa pia kwamba mtayarishaji wa muziki kutoka Dar es Salaam angekuwepo usiku huo, akitafuta kundi la kulirekodi. Hussein alicheza pale pale ghalani huku akipiga makopo ya rangi. Mimi nikasema, "Jumapili sipigi."

Walidhani natania. Walipoona sitanii, Dunstan aliweka besi chini taratibu, akauliza, "Mungu gani huyo anayefunga duka siku ya mauzo?" Hussein hakutania. Alisema nimpe jibu kabla waandaaji hawajachapisha matangazo, na jibu likiwa ni lile lile, kundi limekufa, kwa sababu mpiga gitaa mwingine wa roki huku Korogwe atamtoa wapi.

Nilirudi nyumbani nikalitazama gitaa lako ukutani. Nikaona kama nitaua kundi, basi sina haki ya kubaki na gitaa. Ndipo nikakutumia ule ujumbe. Wewe unanijua, nikiumia huwa nataka kila kitu kiishe siku hiyo hiyo.

Wiki ile ile nikapata ujumbe kutoka kwa Rais Hiza, kwamba Jumapili baada ya ibada nikae naye kidogo. Kwetu kiongozi wa tawi anaitwa rais, usishtuke. Huyu ni muuzaji wa vipuri vya pikipiki. Mjomba, sikulala vizuri. Niliamini habari za tamasha na za mahoteli yenye pombe zimemfikia, na ananiita kunionya. Nikaandaa utetezi wangu kama wakili. Nilipoketi tu mbele yake nikaanza. Nilimwambia nyimbo zetu hazina matusi. Nilimwambia mahali penye bia mimi nakunywa soda ya tangawizi. Nilimweleza hata fizikia ya kukwaruza kwa sauti ya gitaa, kwamba ni wimbi lililokatwa vichwa na hakuna dhambi ndani yake. Alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia.

"Dada Asnath," akasema, "mimi nauza egzosi za pikipiki. Kelele hazinitishi. Nilikuita nikuombe uwafundishe watoto wa Msingi kuimba, maana dada aliyekuwa akiwafundisha amehamia Moshi."

Watoto wa Msingi ndio wadogo wetu wa kanisani. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Nikakubali. Kisha, kwa kuwa nilishajifunua, nikamuuliza waziwazi kuhusu Jumapili ya Tanga. Hakuniambia niende, hakuniambia nisiende. Alisema niliifahamu sabato kabla hajanifahamu yeye, na kwamba ataniombea.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi upande mmoja na mzito zaidi upande wa pili. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani ndipo nilipogundua kwamba nilitamani anikataze. Angenikataza, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia. Sasa nilibaki na mimi mwenyewe, na mimi jibu langu nilikuwa nalo tangu ghalani.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na hitima ya babu huko Mkata. Baba alichinja mbuzi wawili, ndugu walijaa hadi barabarani yanakopita mabasi. Nilikuwa jikoni kwa Bibi Hajira pamoja na shangazi zangu, nikikuna nazi. Dua ilipokwisha ikapita chai ya rangi na maandazi, na mimi nikasema ahsante, situmii. Mjomba, ningekataa pombe katika nyumba ile wangenisifu. Nilipokataa chai ilikuwa kama nimesema imetiwa sumu. Shangazi mmoja akauliza ni dini gani hiyo inayomwogopa Lipton wakati hata mashehe wanamnywa. Wakacheka wote. Bibi hakucheka. Alininyang'anya kikombe, akatoka nje na kisu, akarudi na fungu la mchaichai kutoka pembeni mwa bafu. Akauchemsha kwenye birika dogo, peke yake, akanimiminia.

"Hili ni birika la Asnath," akawatangazia. "Atakayetia majani humu nitamtia yeye."

Wakati huo huo Hussein akachungulia mlangoni. Alikuja hitimani kwa sababu mama yake ni jirani wa Bibi, lakini alikuja pia kuchukua jibu. Nikampa pale pale, mbele ya moshi na nazi: sitapiga. Alikunja uso hata hakumsalimu mtu.

"Ninyi mna nini?" Bibi akauliza.

"Shikamoo bibi. Mjukuu wako anatuharibia. Eti Jumapili hapigi."

"Jumapili hii?"

"Jumapili zote, bibi! Mwaka mzima!"

"Makelele yenu mimi siyapendi," Bibi akasema. "Mnanguruma kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Ila niambie, mwezi wa Ramadhani hizo ngoma zako huwa unazipiga?"

"Aa, bibi. Ramadhani tena? Nazifunika kitenge."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Na huyu huwa anakuambia umemharibia?"

Hussein akanitazama. Ni kweli, mjomba. Kila Ramadhani Miiba inanyamaza. Hatukuwahi kukaa kikao juu ya jambo hilo. Hussein anafunika ngoma, mimi na Dunstan tunapeleka ala zetu nyumbani, na tumewahi kukataa hata harusi ya Pasaka iliyoangukia mwezi huo. Hata mimi mwenyewe, pamoja na kusoma kwangu kote na kujichunguza kwangu usiku na mchana, sikuwahi kuliweka hilo kwenye mizani pamoja na Jumapili yangu. Nililiona kuwa ndivyo kundi lilivyo.

Hussein alijaribu kusema kwamba Ramadhani ni tofauti. Shangazi zangu wakaangua kicheko, na yule aliyenitania kuhusu chai ndiye aliyecheka zaidi. Bibi akatufukuza wote wawili, wali wake ulikuwa unaungua.

Tulikaa nje kwenye kinu kilicholala. Hussein akasema, "Bibi yako ni mtu mbaya sana." Akatoa simu, akawapigia waandaaji wa Tanga mbele yangu, akaomba tuhamishiwe Jumamosi.

Walitupa Jumamosi mchana, saa tisa, juani. Nafasi ambayo haitamaniwi na mtu. Tulipopanda jukwaani watazamaji wengi walikuwa mafundi wa vipaza sauti na wauza ubuyu. Tukapiga. Sijui nikuelezeje. Tangu mwaliko ule nilikuwa nikipiga huku nusu yangu ikisikiliza kama ninakosea mbele za Mungu, na siku ile nusu ile ilirudi, ikashika gitaa pamoja nami. Watu wakaanza kutoka vivulini. Katika wimbo wa mwisho uzi wa kwanza ukakatika, ukanichapa kidole. Hussein akapiga kelele, "Usisimame!" Nikamalizia kwa nyuzi tano, na Dunstan, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu ghalani, akacheka hadi akakosea.

Sitakuficha kilichofuata. Mtayarishaji alikuja Jumapili usiku kama tulivyoambiwa, na akalichukua kundi lililopewa nafasi yetu. Dunstan aliniletea habari hiyo Jumapili iliyofuata, nikiwa nje ya nyumba ya ibada. Niliingia chooni nikalia kidogo. Kisha nikanawa uso nikaenda kwa watoto wangu wa Msingi, ambao siku hiyo waliimba kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, na lawama naichukua mimi. Dunstan bado ananuna siku nyingine. Ana haki. Lakini hakuondoka, na nafsi yangu imetulia, mjomba, imetulia kwa namna ambayo nilikuwa nimeshaisahau. Hussein sasa anamjibu kila anayetaka kutualika: "Jumapili hatupo, Ramadhani hatupo, siku nyingine zote ni zenu." Anasema kama vile ni sheria aliyoitunga yeye.

Leo ni Jumatatu, jioni ambayo kwetu familia hukaa pamoja, kusoma kidogo na kuimba. Mama ni Mkatoliki na rozari yake haijamtoka shingoni, lakini jioni hii haikosi. Anasema anakuja kwa ajili ya karanga. Anakusalimu sana, na anasema ukikaidi kuhusu goti atakuja huko mwenyewe. Baba na Bibi Hajira wanakusalimu. Nisalimie Mama Benedicto kwa heshima zote, pia Benedicto na Rhoda. Mwambie Rhoda nitamfundisha akija likizo, kama vidole vyake bado vinawasha.

Ndani ya bahasha utakuta kitu kilichokunjwa kwenye karatasi ya daftari. Usikitupe. Ni ule uzi uliokatika Tanga, ule ulioufunga wewe kwa mkono wako siku uliponipa gitaa, baada ya kuuchambua kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli yako. Nyuzi nyingine nilishazibadilisha zote, huo sikuwahi kuugusa. Nilipomweleza Rais Hiza, alifunga duka kwa muda, akachukua waya mpya wa breki ya pikipiki, akauchambua kwa koleo mpaka akapata uzi mwembamba kama wako. Uzi huo bado ni mgeni. Unalegea kila baada ya wimbo, na mimi naukaza tena. Gitaa lako linabaki Ngombezi. Jumapili liko ukutani, na siku sita kwa wiki haliko ukutani.

Mungu akulinde, akupe nguvu za kuinuka kila asubuhi bila maumivu, na atukutanishe tukiwa hai.

Mpwa wako anayekupenda,

Asnath Mbaruku