Plamu Mbichi Ndani ya Jamu

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kuresoi tu wazima, na babako amemaliza kupanda viazi. Kranberi ulizotuma, hayo matunda madogo mekundu, ni chachu ajabu! Unasema zina asidi ya kuzuia kuoza na pektini ya kugandisha jamu, halafu unauliza jamu yangu ya plamu hugandishwa na nini.

Hata sijui. Nilipoolewa nilichagua plamu zilizoiva tu, na jamu ikabaki maji. Mama mkwe akamwambia babu yako mbele ya wageni, "Umetuletea bibi wa kupika uji!" Kesho yake akachanganya vikombe vitatu vya plamu mbivu na kimoja cha mbichi, na jamu ikashikana. Nikauliza sababu. Akanijibu, "Pika, wacha maswali."

Kumbe zile plamu mbichi chachu ndizo hushikilia zile tamu, kama kranberi zako? Sielewi. Nieleze polepole, na nikiuliza tena, unijibu tena.

Nyanya yako