Chai ya Rangi na Boga la Ukutani

3 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo huko kazini? Huku wazima, na mimi nimezidi: juzi nilipaka ghorofa nzima kwa brashi moja, njiwa wakaikwepa wakidhani ni wingu.

Mwanao Chiriku yuko vilevile, mkate na chai. Kingine chochote anafumba mdomo kama mlango wa benki Jumapili. Kliniki mizani imegoma kupanda. Nesi kaniambia, "Babu, mtoto anakosa rangi." Nikamjibu, "Kwanza mimi si babu. Pili, chai ya rangi anakunywa asubuhi na jioni!" Akacheka mpaka akashika meza.

Ila rangi ndiyo kazi yangu. Leo naanza ukuta wa jikoni, pale anapokula. Ataipata hiyo rangi.

Mjomba wako, fundi wa mafundi

11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima wa mwili tu. Mjomba jamani! Nesi alisema rangi za chakula: boga, maharage, mchicha, papai, yai. Hiyo chai mwondolee, inamjaza tumbo bure.

Naota nimembeba mgongoni. Nikigeuka, nguo imefungwa vizuri na ndani hamna mtu. Kliniki ijayo mizani ikigoma tena, naacha kazi nakuja kumchukua.

Mpwa wako

30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mbona kimya? Nimeshaanza kufunga mizigo.

Mpwa wako

6 Aprili

Marahaba mwanangu,

Fungua mizigo. Kimya changu ni cha mtu aliye juu ya ngazi. Nesi nilimwelewa tangu mwanzo, nilikuwa nakupima wewe.

Rangi ilipokuwa inakauka tulilala kwa jirani, fundi cherehani. Tuliporudi, Chiriku akasimama jikoni kama aliyeingia ndotoni. Boga kubwa kama jua, mchicha umepanda hadi darini, papai zinaelea, maharage yanatembea kwa mstari. Akaweka kiganja juu ya boga.

"Babu, lina joto."

"Limetoka kuiva. Onja."

Nikamwekea la kweli sahanini. Akatazama ukuta, akatazama sahani, akamega kidogo. Alipolala nikachukua rangi nyeupe, nikalitia boga la ukutani pengo la meno madogo. Asubuhi akapiga kelele, "Babu! Nimelila!" Chai hakuiulizia.

Tangu hapo anakula huku, nafuta kule. Papai zimekwisha. Maharage yamebaki mawili, yanatafutana. Mchicha anaushusha taratibu kutoka darini. Na mizani, mwanangu, imepanda mpaka nesi akavua miwani akaipangusa. Kaniita babu tena, nikamsamehe.

Ukuta unarudi kuwa mweupe. Kimebaki kitu kimoja hataki kukigusa: yai. Nililipaka juu kabisa, peke yake, naye analiita mwezi. Anakaa chini yake jioni, ananong'ona nao. Nikamchemshia la kweli, akalisukuma.

"Huo wa kula na mama," anasema.

Kwa hiyo kazi usiache. Omba likizo, uje na njaa. Rangi nyeupe nimekuwekea kopo moja.

Mjomba wako, si babu ila kwa mmoja tu