Sinema ya Wifi na Chai ya Mama

Shoga, nimejifungia chooni kwa wifi yangu. Usipige, nitacheka wanisikie.

Si unajua leo kaalika wazazi wa mchumba wa binti yake? Basi kawawekea filamu ya mabwanyenye wa kale, wale wa mawigi na poda. Eti ndiyo starehe ya watu wa daraja lake. Daraja lipi, mwenzangu? Kochi lenyewe bado lina nailoni!

Sasa sikia. Kwenye filamu kuna mwanamke anajipendekeza kwa malkia. Wageni wakubwa wakija, anamvisha mama yake aproni, anasema ni mpishi wake. MAMA YAKE MZAZI. Bibi wa watu akatia sumu kwenye supu.

Wifi alicheka mpaka machozi. "Jamani, watu wengine hawana haya!"

Hapo hapo mama mkwe akatoka jikoni na chai. Unamjua, birika lake hampi mtu, na aproni yake ile iliyopauka.

Mgeni akasema, "Huyu mama wa kazi ana adabu. Mlimpata wapi?"

Wifi, bila hata kumeza mate: "Tuko naye miaka mingi."

TUKO NAYE. MIAKA MINGI. Aliyemzaa!

Mama akainua birika lake. Akawamiminia wote, akavua aproni, akamvika wifi shingoni, akakaa katikati ya wageni.

"Kunyweni, wanangu. Huyu nimemzaa mwenyewe, na chai nimeipika mwenyewe."

Shoga, hakuna aliyegusa kikombe.

Mimi nikamaliza changu, nikaomba kingine.