Loshoro Isiyo na Mahindi

Jumatano

Leo tena hakula. Tangu huu ugonjwa wa koo umbane, mke wangu hawezi kumeza punje ya hindi, basi loshoro yake, ile ya mahindi na maziwa mgando, nimeigeuza. Nimetoa mahindi, nikaponda ndizi, nikaongeza parachichi. Uvumbuzi wa mzee wa darasa la nne!

Ila nilimwaga maziwa mgando ndizi zikiwa bado za moto, yakakatika mabonge mabonge. Mbwa alinusa, akaenda zake.

Mkamwana akachungulia jikoni. "Shikamoo baba. Wazee wenzako wakikukuta humu?"

"Marahaba. Waambie natafuta mke wa pili kwenye moshi."

Mgonjwa alisikia huko kitandani, akacheka mpaka akakohoa. Akaonja kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni kwa kunihurumia, halafu akatema.

"Kesho nitapoza ndizi kwanza, Mama Neema. Halafu nitaweka..."

Akanishika mkono. "Baba Neema, kesho pika unachopenda wewe."

Naogopa. Ninachopenda mimi sikijui. Miaka yote nimependa alichopika yeye, namwambia chumvi imezidi huku namsogezea sahani aniongeze.